Kamera Isiyolia

Wanaozisifu kamera hizi mpya zisizo na kioo ndani, nadhani hawajawahi kupiga picha ya ukoo kwenye harusi ya kijijini kwetu Ulemo.

Ile yangu ya zamani ilikuwa nzito, shingo inauma hadi kesho yake. Lakini kila nilipobonyeza, kioo kilijipiga ndani: kacha! Watu wakajua tayari, wakatawanyika. Mimi ni mtu wa aibu. Miaka yote hiyo kamera ndiyo iliyokuwa inanisemea.

Hii mpya ni nyepesi, na kwenye giza la kanisani inaona kuliko macho yangu. Siku ya harusi hiyo padri hakunikata jicho hata mara moja, maana haina kelele. Betri tu ndiyo inakwisha upesi, nikawa natembea na za akiba mfukoni. Nilitoka nje nikijiona nimepata.

Nje, ukoo wa bibi harusi ukajipanga juani. Bibi yake, mwenye magoti mabovu, alitaka picha moja tu na wajukuu wake wote. Baba mdogo wa bibi harusi akakataa bibi aletewe kiti. "Mama asimame. Picha ya ukoo haipigwi mtu amekaa."

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Picha safi kabisa. Hakuna aliyesogea. Wote wanasubiri ile kacha.

"Kijana, piga basi!" baba mdogo akafoka. "Unatuchoma na jua!"

Nikainua kidole gumba. Wakadhani nawaambia wajipange vizuri, wakajipanga upya.

"Kamera yenyewe ya kuchezea watoto," shangazi mmoja akasema, wakacheka. "Si tulisema aletwe mtu wa mjini?"

"Leteni simu!" baba mdogo akaamuru.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Si kwa kuchekwa, hayo nimeyazoea. Fimbo ya bibi ilikuwa inatetemeka. Mama mzima anasimamishwa juani na wanawe mwenyewe, kisa mlio! Picha ipo, lakini bila kelele hawaamini.

"Bibi, kaa!" nikapiga kelele. "Nimeshapiga! Zamani!"

Wote wakanigeukia. Kwetu wazee hawapigiwi kelele. Bibi akakalia ndoo iliyokuwa karibu.

"Kumbe una mdomo," akasema. "Haya, nione."

Skrini haionekani juani. Nikamwekea jichoni lile tundu la kuchungulia. La kamera ya zamani lilionyesha kilichopo mbele tu. Hili linaonyesha hata picha iliyokwisha kupigwa. Akachungulia muda mrefu, anawahesabu wajukuu kwa midomo.

"Wote wapo." Kisha akamgeukia mwanawe. "Ila wewe umefumba macho. Turudie. Na mimi nakaa."

Baba mdogo akaenda mwenyewe kuleta kiti. Nikabonyeza, halafu, hasira bado ninayo, nikasema kwa nguvu:

"Tayari!"

Wakatawanyika.