Kinanda cha Mutuku na Mawe Yaliyochoka

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Kilungu ikiwa imekaa vilimani tangu asubuhi, na mimi nimebeba sahani mbili za muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Moja ilikuwa ya baba, nayo nikaipeleka thome, pale nje penye moto ambapo wanaume wa boma letu walikula. Ya pili ilikuwa ya kaka yangu Mutuku, nayo ilikwenda nyumba ndogo ya nyuma. Baba ndiye aliyeagiza hivyo. Kwetu, kijana kula peke yake huku baba yake yuko thome ni aibu ambayo jirani haulizi; anaiona tu na kwenda nayo kwake.

Kosa la Mutuku lilikuwa hili. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu, kile cha kukanyaga kwa miguu kilichoachwa na wamishonari. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na akikaa mbele kila Jumapili, nafikiri hakukaa kwa ajili ya mahubiri, alikaa ili aione vizuri mikono ya mwanawe. Usimwambie mchungaji nimesema hivyo. Kisha Mutuku akashuka Mombasa, akaanza kupiga kinanda cha umeme katika bendi ya hoteli, watu wakicheza na kunywa. Habari zilipofika nyumbani, baba alikifunika kinanda cha kanisa kwa kitambaa cheupe na hakulitaja tena jina la Mutuku. Miaka ikapita hivyo. Mimi nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi aliporudi kutusalimia, na sote tulijua kwamba akiondoka safari hiyo bila kuitwa thome, hatarudi tena.

Alikuja na gramafoni ndogo ya kutumia mawe ya redio, yaani betri, na santuri moja. Nilitegemea magita ya kwetu, yale ya kukunyanyua kitini. Akaniwekea wazungu wa roki. Kwenye jalada walisimama wanaume wenye nywele ndefu katika shamba lenye matope, hakuna hata mmoja aliyecheka. Mutuku alisema mgeni mmoja aliisahau hotelini, na mwenye hoteli alitaka kuitupa kwa sababu kila ilipowekwa, wachezaji walirudi vitini. Gita lilijificha huko nyuma kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa. Mbele kilisimama kinanda.

"Hii hakuna mtu anaipenda," aliniambia. "Lakini wewe sikiza huyu wa kinanda. Huyu alilelewa kanisani, mimi nakuambia."

Upande wa kwanza ulinichosha, sitakudanganya. Ni upande wa pili, wimbo wa tatu, ulionikamata. Kinanda kinaanza peke yake, chini kabisa, sauti moja imeshikiliwa mpaka unajiuliza kama mpigaji amelala. Halafu nyingine inawekwa juu yake, na nyingine, na ngoma zinaingia kwa adabu. Mwimbaji anachelewa kufika na anaondoka mapema, akikiachia kinanda nyumba nzima. Hapo kinafanya jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kanisani tu, sadaka ikishatolewa na watu wamebaki wameinamisha vichwa. Tangu wiki hiyo sijapenda wimbo mwingine namna ile.

Sasa, mawe yenyewe yalikuwa ya redio ya mwaitu, mama yangu. Yalikuwa makuukuu. Tulikuwa tumeyaanika juu ya bati mara nyingi, maana wakati huo jiwe halikutupwa mpaka jua limeshindwa nalo. Jumamosi hiyo jua lenyewe halikutoka.

Nilipomfikishia Mutuku sahani yake, alikuwa ameketi mlangoni, santuri inazunguka upande wa pili. Mwaitu alikuwa kando akipukuchua mbaazi, nami nikakaa kumsaidia. Wimbo wa tatu ulipoanza, mawe yakachoka. Santuri ikapunguza mwendo, kinanda kikashuka, kikawa kizito, na mwimbaji akageuka mzee.

Baba akainuka thome. Alikuja na kofia mkononi, akasimama kwenye pembe ya ghala, ametupa mgongo. Niliamini amekuja kuipiga teke gramafoni.

"Nani huyo anapiga?" aliuliza.

"Ni mzungu, baba. Simjui," Mutuku akajibu.

"Huyo anajua kuomba," baba akasema. "Anapiga pole pole. Si kama nyinyi vijana."

Mwanangu, Mutuku hakuwa mtu wa kuacha kosa la muziki lipite. Aliwahi kuisimamisha kwaya nzima katikati ya harusi, bibi harusi ameshika maua, kwa ajili ya sauti ya mtu mmoja. Nilimwona akifungua mdomo. Mimi nami, mwalimu, nilikuwa na maneno tayari ulimini: baba, ni mawe yameisha, wimbo wenyewe una kasi kuliko huo. Mwaitu akanifinya paja kwa nguvu, macho yake hayakutoka kwenye mbaazi.

Mutuku akameza mate. "Ndiyo, baba," akasema. "Anapiga pole pole."

"Rudisha hapo mwanzo."

Akarudisha. Ukawa wa pole zaidi. Baba akavuta kigoda akaketi, kofia gotini, akasikiliza mpaka kinanda kikawa mngurumo tu na santuri ikasimama yenyewe. Kisha akainuka, akajipangusa suruali.

"Chakula kinapoa huko thome," akasema. "Beba sahani yako, twende."

Jikoni mwaitu alinigeukia. "Wewe umesoma, na ni vizuri. Lakini leo ulikuwa unataka kusahihisha nani, na ili iwe nini?"

Ule ugomvi hawakuuzungumzia kamwe. Mutuku hakupiga tena kinanda kanisani, na baba hakumwomba. Ila kila Krismasi alikuja, na sahani zote mbili zilikwenda mahali pamoja.

Wote wamelala sasa, baba, mwaitu, Mutuku mwenyewe. Santuri ilivunjika nilipohamia Mbumbuni kufundisha. Mwaka huu kijana wa Mutuku ameniletea ile albamu kwenye kaseti kutoka Nairobi. Ameitafuta sana, maana hata wanaoijua bendi hiyo, albamu hii wanairuka. Akaiweka kwenye mashine ya umeme. Masikioni mwangu wimbo wa tatu ulitoka mbio, na kabla sijatulia ukawa umekwisha.

"Anti, sasa hii ndiyo yenyewe," akasema kwa furaha.

Nikamwambia ni nzuri sana, na ni nzuri kweli. Halafu nikatoka nje kama mtu anayeangalia kuku, kwa sababu nilikuwa nalia. Ninaoutamani ni ule mwingine, uliopigwa mara mbili tu pale kwetu, na haupo katika duka lolote. Nawatamani waliousikia.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Usiitupe kazi ya mtu kwa sababu wengine wamerudi vitini. Isikilize mpaka upande wa pili. Mzazi wako akipenda kitu kwa namna isiyo sahihi, mwache akipende, ukae naye hapo. Na kama kuna mtu wa kwenu ambaye hamli pamoja, usingoje mzungumze kwanza nani alikosa. Kula naye. Mengine yanaweza kubaki bila kusemwa, mimi nimeona yakibaki na watu wakaishi vizuri.

Mungu akutunze, akupe masikio yenye subira. Akutangulie njiani utakapoamua kwenda kwenu, na ukifika, uwakute.