Mkono juu ya seva

Dada anayetunza seva ya utabiri wa mafuriko hapa Ifakara huigusa kwa mgongo wa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto, halafu ananuna na kugonga kibodi mpaka meza inatikisika. Kiyoyozi cha chumba cha seva bosi alikihamishia ofisini kwake. Ndiyo maana dada ameandika programu: memori moja, yaani kadi ya kumbukumbu ndani ya seva, ikichemka, kazi inahamia kwenye iliyopoa, na kazi isiyo ya haraka inasubiri. Mimi ninayejifunza kazi kwake nikimuuliza maswali, ananiambia, "We mtoto, vuta pumzi kwanza!" Jana mvua kubwa ilinyesha milimani, seva ikawa inapiga hesabu za mto Lumemo. Bosi akaingia bila hodi.

"Nani kasimamisha video yangu ya sherehe kwenye seva? Zima hiyo programu yako!"

"Shikamoo, bosi. Nikiizima, seva itakufa kwa joto, na watu watajua habari za maji yakiwa kitandani."

"Mimi ndiye bosi hapa!"

"Programu haijui bosi. Inajua joto tu."

Dada akaukamata mkono wa bosi, akaubandika juu ya seva pamoja na wake. Bosi akauchomoa upesi, akipuliza vidole. Wa dada ulibaki palepale, mpaka kioo cha kompyuta kilipoandika: Lumemo, mafuriko kesho asubuhi, hameni.