Vifaranga Wasioota Manyoya

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kupiga simu. Kwake simu ilikuwa kitu cha kupokelea tu. Kwa hivyo aliponipigia asubuhi moja nikiwa dukani kwangu Ukunda, nikimpimia mteja chakula cha kuku, nilijua kuna jambo kabla hajasema neno.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Wale vifaranga wako wanabaki uchi."

"Uchi vipi?"

"Uchi kama panya aliyezaliwa leo. Njoo uone. Na uje na gari, usije na boda. Nataka watu wakuone umekuja."

Maneno hayo ya mwisho sikuyaelewa mpaka nilipofika.

Lazima nijieleze kidogo. Watu wa baba yangu walikuja Pwani kutoka bara, wakapata shamba kwenye ardhi ya makazi huku juu ya Msambweni, na wazazi wangu wote wawili walifariki kabla sijamaliza shule. Hakuna aliyenilipia ada. Nilikwenda Uarabuni nikaajiriwa katika kiwanda cha kutotolea vifaranga, nikaanza kwa kuosha trei zilizojaa maganda na mavi, na nilipoondoka funguo za chumba cha mashine zilikuwa mfukoni mwangu. Wenzangu walirudi na televisheni. Mimi nilirudi na ada ya chuo. Diploma yangu ya ufugaji nimeitundika juu ya mizani, ili mteja anapoangalia kipimo aione na hiyo. Nyumba ninayokaa ni ya mawe, na kila jiwe nalijua lilitoka wapi. Watu wakiniuliza nimerithi nini, huwajibu kwamba sikurithi hata jembe. Husema hivyo kwa majivuno, na sioni sababu ya kuyaficha.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyebaki shambani. Mjane, hana mtoto aliye hai, lakini mikono yake inajua kuku. Nilipoamua kufuga kuku kidimu, sikufikiria mtu mwingine.

Kidimu ni yule kuku ambaye manyoya yake yamepinda kuelekea mbele, utadhani ameamka sasa hivi na hajajitengeneza. Watu humcheka, lakini katika joto letu yeye ndiye mwenye akili. Kuku wa kisasa huhema mdomo wazi mchana kutwa, naye kidimu anachakura, kwa sababu hewa inafika kwenye ngozi yake. Waganga pia humtafuta kwa shughuli zao, tena hawabishani bei. Mimi sikuwauzia waganga. Nilimwuzia dalali, na dalali anakompeleka kuku wake si shauri langu.

Nilinunua jogoo kidimu kule Lunga Lunga, nikampeleka kwa shangazi akae na majike yake ya kawaida. Nusu ya vifaranga wakatoka kidimu, nusu wakatoka kama mama zao, na wote wakakua wazima. Hivyo ndivyo nilivyosomeshwa, na ndivyo ilivyokuwa. Kisha shangazi akafanya kile ambacho mfugaji yeyote makini angekifanya. Aliona kidimu ndio wanaouzika, akayauza yale majike ya kawaida, akaatamisha mayai ya kidimu watupu.

Kila kuku hubeba jeni mbili za kazi moja, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Iko jeni inayotoa maelekezo ya protini ya unyoya, jamii moja na ile ya kucha. Jeni hiyo imo katika ini la kuku na katika jicho lake pia, lakini huko imelala. Huamka kwenye ngozi tu, pale unyoya unapochipuka. Kidimu ana moja nzima na moja yenye kasoro, na hiyo moja inatosha kuupinda unyoya. Kifaranga akizipata zote mbili zenye kasoro, unyoya hauna nguvu hata ya kupinda. Unachipuka kama uzi, unavunjika, kuku anabaki ngozi. Ukikutanisha kidimu na kidimu, robo ya watoto huwa hivyo.

Nilipofika niliwakuta wamejikunyata juani, wekundu, vishingo vyao virefu. Hata mimi ninayejua niliona si vizuri kuwatazama sana. Na kando ya banda niliona upande mmoja wa ua umeng'olewa.

"Nani amefanya hivi?"

"Sikuwaona," shangazi akasema. "Ila jirani hanisalimu tena."

Jirani alikuwa amenunua vifaranga kwake walipokuwa bado na malaika, yale manyoya laini ya uchanga, akampa mkewe awafuge. Wakakua. Wengine wakabaki uchi katika ua wake. Wiki hiyo hiyo mimba ya mkewe ikatoka, akalazwa Msambweni. Mume aliporudi kutoka hospitali alimpiga picha kifaranga mmoja, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la kijiji na maneno matatu: "Tunaishi na nani?" Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa. Wako wazee waliochomewa nyumba wakiwa ndani. Mzee akishaitwa mchawi hapewi muda wa kujitetea. Anachotafutiwa ni siku. Nilimwambia shangazi apande gari twende kwangu. Akakataa.

"Nikiondoka leo nitakuwa nimekubali. Wewe si umesoma? Waambie."

Nikamwendea naibu chifu, naye, nampa sifa yake, hakungoja. Aliwaita watu katika darasa la chekechea, watu wazima wakakaa kwenye vile viti vidogo, magoti yamewafika kifuani. Shangazi alikaa mbele peke yake, mikono imekunjwa ndani ya leso. Jirani alisimama ukutani.

"Daktari wa kuku, umetuletea soda?" kijana mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Nimewaletea kunde na mahindi."

"Basi tutapika pure."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana nimewahi kufundisha wageni wa mataifa sita kuendesha mashine moja na najua umuhimu wa kicheko. Nikatoa vikombe viwili. Katika kila kimoja nilikuwa nimetia mahindi na kunde nusu kwa nusu. Nikasema kikombe hiki ni jogoo kidimu, hiki ni jike kidimu. Mahindi ni jeni nzima, kunde ni ile yenye kasoro. Kifaranga huchukua punje moja hapa na moja pale, bila kutazama. Nikamwita jirani.

"Mimi?"

"Wewe. Funga macho, mzee."

Hakutaka, lakini watu wote walikuwa wakimtazama. Akachota. Hindi na kunde. "Huyo kidimu," nikasema. Akachota tena: mahindi mawili. "Huyo wa kawaida." Kunde na hindi. Kisha akafungua kiganja na ndani yake mlikuwa na kunde mbili.

"Huyo ndiye uliyempiga picha," nikasema. "Nani amemroga? Ni mkono wako uliochota."

Akazitazama zile kunde muda mrefu. "Kwa hivyo hata kwangu wangetokea? Bila ya huyu mama?"

"Hata kwa askofu."

Darasa likaanza kunong'ona, na ulikuwa mnong'ono wa watu walioelewa. Mama mmoja akaomba naye achote. Nawaambia ukweli, sijawahi kujisikia vizuri kama siku ile. Nilieleza jinsi jeni zinavyolala sehemu moja ya mwili na kuamka nyingine, nikaona vichwa vinakubali. Wasomi wengi hawawezi kuwaeleza watu mambo hayo kwa Kiswahili. Mimi niliweza.

Ndipo mzee wa kanisa akanyoosha mkono. Ni mtu mpole, aliyekuja Pwani kwenye lori moja na babu yangu.

"Mwanangu, nimekufuata vizuri. Nina swali moja. Kiko kitu cha namna hii kinachoweza kukaa ndani ya mtu bila kuonekana?"

"Kipo, mzee. Ziko jeni zinazojificha. Bibi alikuwa na hali fulani, mama hanayo, mjukuu anazaliwa nayo."

"Na huyo mama aliyeibeba, mwenyewe anajua?"

"Hawezi kujua."

"Ahsante. Nauliza kwa sababu tuliokuja kwenye lori lile tunajua kwa nini mama yake huyu shangazi yako alihamishwa kutoka bara. Watoto wa watu walikuwa wakifa. Mimi siku zote nilisema binti hana hatia, binti ni mtu wa Mungu. Sasa umenifanya nifikiri."

Hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Baba hakuwahi kunisimulia. Nilimtazama shangazi, naye alikuwa akitazama sakafu.

Nikasimama tena. Nikasema jeni kazi yake ni kuuelekeza mwili utengeneze protini, na protini ikawa unyoya, ikawa damu, ikawa rangi ya jicho. Haitengenezi chuki. Uchawi hauna jeni. Niliyasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

"Na wewe je, daktari?" yule kijana wa nyuma akauliza. "Si damu moja hiyo?"

"Mimi nimejitengeneza mwenyewe."

Walicheka kuliko walivyocheka kwa pure.

Naibu chifu hakuacha mambo yaharibike. Alisema suala lililotuleta ni vifaranga, na habari yao imeelezwa, na atakayegusa ua wa mama huyu ataeleza polisi. Jirani akaja mbele, akampa shangazi mkono, akamwomba radhi mbele ya watu. Kesho yake alirudisha zile fito za ua kwa mkono wake. Kwa kipimo chochote nilikuwa nimeshinda. Nawajua wenye digrii ambao wangeshindwa.

Nilimrudisha shangazi nyumbani. Akashuka, akaenda moja kwa moja bandani, akawatilia vifaranga maji ya kunywa, akakaa kwenye kizingiti.

"Wewe ulijua habari ya bibi?" nikamwuliza.

"Nilikuwa mtoto. Nakumbuka tuliondoka na sufuria ya uji ikiwa bado jikoni. Mama alikuwa akiniambia ni uongo, alisingiziwa. Lakini hata yeye asingejua, sivyo?"

"Shangazi."

"Umesema mwenyewe. Aliyebeba hawezi kujua."

"Nilikuwa nasema jeni. Magonjwa ya damu. Rangi ya ngozi. Si hayo."

"Nimekusikia, baba. Umeeleza vizuri." Akavitazama viganja vyake. "Yule binti, mke wa jirani. Alikuja kuchukua vifaranga, akaniambia ana mimba, akafurahi. Nikamshika tumbo nikamwombea. Nilimshika kwa mikono yote miwili."

Nikamwambia mimba hutoka kwa sababu nyingi, na mara nyingi ni chembe za urithi za mtoto mwenyewe zilizokosea hesabu tangu mwanzo, hakuna mkono wa mtu. Nikamwambia hilo limeandikwa katika vitabu nilivyosoma. Kila neno lilikuwa la kweli. Alikuwa akitikisa kichwa kunikubalia, kama anavyotikisa kichwa kanisani mahubiri yakiwa marefu.

Jumamosi iliyofuata alinipigia simu tena. Alitaka gari. Nilidhani wamemtisha, nikaenda mbio, nikamkuta jirani akimsaidia kufunga godoro, amefadhaika kuliko mimi.

"Mwambie abaki," jirani akaniambia. "Yamekwisha. Mimi nilikuwa na uchungu. Mwambie."

"Si wewe, mwanangu," shangazi akamjibu. "Wewe huna kosa."

Kuku aliwagawa. Wale wasio na manyoya hawakuishi. Msimu wa mvua uliwamaliza, kama nilivyosema ungewamaliza.

Sasa anakaa kwangu Ukunda, katika chumba cha uani nilichokijenga kwa ajili ya wapangaji. Hapungukiwi kitu. Watoto wa majirani wakipita, yeye hujibu shikamoo zao akiwa amesimama mbali, mikono nyuma. Mke wangu amenitaka nisimpe somo tena, kwa sababu kila nikieleza humwongezea la kufikiria. Nimejaribu kila njia ninayoijua, nami najua nyingi. Nimemwambia kwamba hata kama bibi angekuwa na jambo, nusu tu ya jeni hizo zilimfikia yeye. Akaniuliza nusu ipi.

Mwezi uliopita jirani alikuja na mkewe. Wamepata mimba nyingine, na tumbo limeshaonekana. Binti alikuwa amevaa leso mpya na amebeba mihogo ya shamba la shangazi, maana wao ndio wanaolitunza. Walikuwa wamekuja kumchukua.

"Kanisani wanamwulizia," jirani akasema. "Hata mzee wa kanisa amenituma. Na mke wangu hataki kuzalia mahali ambapo huyo mama hayupo."

Nikaenda uani. Mlango wa shangazi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga.

"Wamekufuata, shangazi. Wote wawili. Hakuna anayekudai neno."

"Nimewaona dirishani."

"Basi toka uwasalimu."

"Mwambie azae kwanza," akasema. "Akizaa salama, mtoto akikaa, nitakuja. Sasa mwondoe hapa, jua kali."

Nikasimama pale. Mimi niliyewashinda watu darasani kwa vikombe viwili nikashindwa na mlango wa bati. Nikarudi sebuleni nikawaambia shangazi anaumwa kichwa. Binti akaweka mihogo chini. Aliomba aende japo amwone, nikamwambia siku nyingine. Nadhani alijua, kwa sababu aliniangalia kama mtu aliyefungiwa mlango yeye.

Walipofika barabarani nikasikia komeo la uani likifunguliwa. Shangazi alikuja hadi jikoni, akaiona mihogo, hakuigusa.

"Miguu yake imevimba?" akauliza.

"Hapana. Anatembea vizuri."

"Anakula?"

"Anaonekana anakula."

Akarudi chumbani kwake.