Gari langu lilikuwa linalia, fundi akipanda kimya

Salaam wakuu. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Unguja, nayaeleza yalivyo, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nina gari la watu saba, nachukua wageni mjini kuwapeleka hoteli za Kiwengwa. Sina kazi nyengine. Ijumaa tu ndiyo sipokei mgeni, nampeleka mama Mkokotoni kwa mdogo wake.

Mwezi uliopita gari likaanza kulia. Kong'o, kong'o! Kila tuta, kila kona.

Wageni wakalalamika hotelini. Bi Asya wa mapokezi, mama mpole sana, siku hiyo hata hali hakuniuliza.

"Suleiman, wageni wananambia gari lako linataka kukatika. Mwisho Jumamosi. Likiwa bado linalia, safari zako nampa mwengine."

Nikakimbilia kwa Fundi Haji. Akakaa mbele, nikaendesha.

Wakuu, kimya! Tumeruka matuta yote ninayoyajua, gari limetulia tuli. Nikambembeleza, akabadilisha bushi, zile raba za miguuni mwa gari, na shokapu moja kwa shingo upande.

Kesho yake, wageni wawili nyuma: kong'o, kong'o. Nikarudi gereji, fundi akapanda, kimya tena.

"Ndugu yangu, gari zima hili. Kapime masikio."

Ijumaa ikafika. Kwenda na kurudi Mkokotoni, hakuna kitu. Mama ananiambia, "Mbona mie sisikii?" Hapo nikaanza kujitilia shaka kweli, na kesho yake ndiyo Jumamosi.

Alasiri nikamshusha mama nyumbani. Sijafika hata kona, kong'o!

Nikafunga breki katikati ya njia. Wa nyuma yangu alinitukana, ana haki.

Fundi akikaa mbele, kimya. Mama akikaa mbele, kimya. Wageni wangu wote hukaa nyuma, kiti cha mbele kitupu.

Nikachukua dumu la maji, nikaliweka juu ya kile kiti, nikazunguka mtaa. Kimya. Nikaliondoa. Kong'o!

Nikapiga magoti, nikapitisha mkono chini ya kiti. Kitambaa cha chini kimechanwa, halafu kikabanwa na pini. Ndani mna kopo la maziwa limeviringishwa kipande cha kanga, fundo limelegea; mtu akikaa juu linabanwa, kiti kikiwa kitupu linagonga.

Kanga ya mama.

Nikafungua. Popoo sita na mkasi wake.

Kwa wasiojua, popoo ni zile kokwa ngumu wanazokata wazee wetu na kutafuna na jani la tambuu. Mama katafuna tangu ujana wake. Mwaka huu daktari kamkataza, kinywa kina vidonda. Dada yangu Zuwena akakusanya popoo zote za nyumbani, akazitupa mbele ya macho yake.

Nikampelekea kopo. Alikuwa anakunja nguo.

"Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Nilikuwa natafuta kazi yangu, mama."

Akacheka, kisha akainamisha macho. "Sili, mwanangu. Wallahi nshaacha. Nnanusa tu njiani, tukifika Mahonda, ukishuka kuninunulia maji."

Nikatazama tena. Popoo zote nzima, na mkasi umeshika kutu, haufunguki. Niliona haya, wakuu. Mtu mzima, anajificha ili anuse.

Jumamosi Bi Asya alipanda mwenyewe, akakaa nyuma, tukaenda hadi barabara kuu na kurudi. Aliposhuka akanipa orodha ya wageni wa wiki nzima. Nilirudi mjini naimba.

Nilichojifunza: kabla ya kushika spana, kaa pale anapokaa anayelalamika. Ningekaa kiti cha nyuma siku ya kwanza, mtu mwengine akashika usukani, bushi zangu zingekuwa salama.

Kopo sasa liko kwenye droo ya mbele, limefungwa taulo, halisikiki. Ijumaa iliyopita tulipofika Mahonda nilisimama, nikashuka kununua maji bila kuambiwa.

Haya, na nyinyi semeni, magari yenu yamewahi kuficha nini? Ila dada Zuwena akipita humu akauliza, ilikuwa bushi.