Paja la Kondoo la Kumuaga Bi Phyllis

Kwa miaka yote aliyokaa ughaibuni, mtaani Rexdale, Bi Sakeena aliitumia oveni kama kabati. Ndimo zilimolala sufuria zake alizotoka nazo Tanga. Anayedhani alikuwa mvivu wa kupika akaseme mbali: harufu ya mchuzi wake ilijaa korido nzima ya ghorofa aliyopanga. Na hiyo harufu ndiyo iliyomtia haya. Mlango wake ulitazamana na wa Bi Phyllis, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Uingereza, na Sakeena aliamini kwamba yule mama anavumilia tu. Walisalimiana, walibebeana mifuko wakati wa theluji, lakini kumkaribisha chakula hakuthubutu.

Mwaka 2012 Bi Phyllis akamwambia kwamba anahamia kwa binti yake, mbali. Sakeena akaona aibu jirani aondoke bila kuonja chochote kwake. Akaamua kumchomea paja zima la kondoo, kizungu hasa, bila pilipili. Akazitoa sufuria, akawasha oveni, akaitia nyama, na kwa kuwa alisikia oveni haifunguliwifunguliwi, hakuigusa tena. Mgeni alipobisha hodi, paja lilikuwa limepauka juu, ndani bichi kabisa. Oveni ilikuwa imeharibika zamani, kimya kimya, hakuna aliyejua.

Sakeena alitamani ardhi ipasuke immeze. Bi Phyllis akalichungulia lile paja, akaangua kicheko.

"Gone to pot!" alisema. Akaeleza kwamba kitu kikiharibika, iwe kazi, nyumba au hata mtu, Waingereza husema kimekwenda chunguni. Inasemekana ilianzia jikoni: nyama isiyofaa kuchomwa nzima ilikatwakatwa, ikatiwa chunguni, na hadhi yake ikawa imekwisha.

"Imekwisha? Kwetu ndiyo kwanza inaanza," Sakeena akasema, kisu mkononi.

Akaikata vipande, akakaanga vitunguu, akatia tangawizi, bizari, viazi na tui. Adabu ya kizungu ilikuwa imeshamshinda, basi akatia na pilipili. Wakakaa jikoni wakipiga soga mpaka nyama ikalainika. Bi Phyllis alikula huku machozi yakimtoka, akaomba sahani nyingine.

"Sakeena," alisema, "harufu hii imepita chini ya mlango wangu miaka yote. Kila jioni nilikuwa nasubiri unigongee."

Sakeena akaichukua sahani yake. Akampakulia tena.