Mzaliwa wa Tengeru

Nilipokuwa mapokezi katika hoteli moja ya Garhoud, Dubai, karibu na uwanja wa ndege, wageni waliniuliza kwetu wapi. Nikisema Tanzania, walinitajia simba. Siku moja bibi mmoja Mpolandi akauliza, Tanzania sehemu gani? Nikamwambia Arusha, pale Tengeru.

"Mimi nilizaliwa Tengeru," akasema.

Nikacheka kwa adabu. Mimi mwenyewe nilizaliwa Moshi.

Akanieleza. Wakati wa vita kuu ya pili wazazi wake walifika kwetu kama wakimbizi, wakawekwa kambini. Kaka yake alifariki angali mchanga, akazikwa kwenye makaburi ya Wapolandi. Yeye aliondoka akiwa mdogo, hakurudi tena. Mwaka ule aliwaambia wanawe kwamba anataka kuliona kaburi lile kabla hajafa. Wakaona Afrika ni mbali mno kwa umri wake, wakamlipia Dubai.

Nikampigia mama, anayeuza ndizi soko la Tengeru, nikamwomba akalitafute kaburi lile.

"Uko Dubai, kwenye maghorofa yote hayo, unaulizia makaburi?"

Lakini alikwenda, mlinzi akamfungulia, na picha zikaanza kuingia WhatsApp. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Katika kila picha alisimama katikati kabisa, kakaza uso, kaburi likichungulia nyuma yake.

Bibi alizitazama moja moja. Akafika kwenye moja, akaikuza. Pembeni ya kiwiko cha mama lilisomeka jina la kaka yake. Akalia palepale kaunta.

Msimamizi wangu akaja mbio. "Umemfanya nini mgeni?"

"Nimemwonyesha makaburi, sir."

"Makaburi? Wenzako wanawaonyesha Burj Khalifa!"

Bibi akaomba kuongea na mama, nami nikawa mkalimani. Akauliza mahali pale pakoje.

"Mwambie pako safi, na Mlima Meru unaonekana," mama akajibu. "Na kaka yake nimeshamwambia kwamba dada yake yuko Dubai."

Hilo la mwisho nilisita, kisha nikalitafsiri. Bibi akacheka huku anafuta machozi. Akasema kaka yake lazima ameshangaa, maana hata yeye bado hajaelewa amefuata nini Dubai.

Kesho yake wanawe walikuwa wamemlipia kupanda ngamia. Alikwenda. Akarudi na mchanga viatuni, akaniambia kwamba ngamia naye hakuonekana kufurahi.