Mwanamume Mwenye Jembe Kwenye Ukuta wa Ukata

Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2025, mchoro wa Sumaiya Abdulmajid ulitundikwa kwa mara ya kwanza mahali pasipo na harusi wala biashara: ukutani mwa ofisi ya kijiji kimoja cha kata ya Ukata. Kabla ya hapo, kwa miaka sita, alikuwa akichora na kuchapa kadi za harusi, mabango ya maduka na fulana za kwaya katika chumba kilicho nyuma ya duka la nguo la baba yake, Mbinga mjini.

Kazi ya mchoro huo aliletewa na Benadetha, muuguzi wa zahanati ya kijiji. Benadetha alikuwa amechoka na mabango yenye maandishi, ambayo watu huyapita kama wanavyopita nguzo ya umeme. Alitaka picha moja kubwa, bila neno hata moja, itakayowafanya watu waulizane kuhusu wajawazito wanaolima hadi siku ya uchungu. Machi ilikuwa inakaribia, na Machi huko ni mwezi wa ngoro, yale mashimo ya mraba yanayochimbwa kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo.

"Kuna mama anaitwa Hildegardi," alimwambia Sumaiya. "Mwaka jana alitoka kwenye ngoro akaja kwangu moja kwa moja, mimba ya miezi saba. Mtoto hakuishi. Siwezi kusema ni jembe. Ninachosema ni kwamba alichelewa kufika, maana alikuwa anamalizia mstari. Sasa ana mimba nyingine, na shamba ni lilelile."

Sumaiya alichora kwa siku nne. Ngoro alizijua kwa kuzitazama dirishani mwa basi. Alimweka mama mjamzito kivulini, ameketi juu ya kanga, na mumewe ndani ya shimo, ameinua jembe. Sura ya mume aliichukua kwenye kadi zake za harusi, kwa hiyo mkulima yule alitoka na shati jeupe lenye kola iliyonyooka. Ulikuwa mchoro wa majaribio, wa penseli na rangi chache. Watu wakiukubali, nakala kumi na mbili zingechapwa kwenye turubai na kutundikwa katika vitongoji.

Wanakijiji walioitwa kikaoni walianza kucheka kabla kamba haijafungwa.

"Bwana harusi kapotea njia," mwanamke mmoja alisema.

"Mwacheni, huenda mahari kwao hulipwa kwa jembe."

"Dada, anakaa wapi huyu? Nina mdogo wangu hajaolewa."

Sumaiya alidhani wanacheka shati. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Leopold, ndiye aliyemweleza, kwa upole wa mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto mgeni.

"Binti yangu, mkono wako ni mzuri, lakini umekosea. Kwetu mwanamume anafyeka nyasi kwa nyengo, anazilaza mistari ya mraba. Kazi yake inaishia hapo. Anayefukua udongo na kuzifunika zile nyasi ni mama. Mwanamume hafukui ngoro. Mpe huyu nyengo."

Sumaiya aliona aibu. Amezaliwa na kukulia Mbinga, anakula maharage ya mashamba hayo kila wiki, na hakujua ngoro zake huchimbwa na nani. Alifungua mkoba akatoa kifutio.

"Usifute kwanza, dada." Aliyesema alikuwa Hildegardi, ameketi mstari wa pili, mikono juu ya tumbo. "Mwenyekiti, huyu ana kosa gani? Mikono anayo. Jembe analo."

"Mwanamume akifukua, matuta hayashiki."

"Nani alijaribu yakabomoka?"

Mzee Leopold alifikiri, kisha akakiri kwamba hajawahi kumsikia mtu wa namna hiyo.

Izidori, mume wa Hildegardi, alikuwa amesimama mlangoni na wanaume wenzake. "Mimi najua kitakachotokea," alisema. "Watanicheka mpaka kilabuni."

"Hilo halina mjadala," mwenzake alimjibu, na watu wakacheka tena.

Izidori hakucheka. "Mwaka jana mlinicheka? Hamkunicheka. Mlikuja kuzika."

Baada ya hapo kikao kiliendelea kwa karibu saa mbili. Wanawake walisema habari ya kupumzika wameijua siku zote. Kila kliniki nesi anawaambia, wanamwitikia, wanarudi shambani, kwa sababu mama asipofukua hafukui mtu, na maharage hayangoji. Benadetha ana miaka minane kijijini hapo. Hilo hakuwahi kuambiwa waziwazi. Mtu akataja ngokela, ile desturi ya majirani kwenda kulima kwa zamu shamba la mmoja wao, naye akawapikia pombe. Mwingine akasema ngokela ya wanaume kufukua haijawahi kuonekana. Wa tatu akauliza pombe atapika nani. Mzee Leopold alifunga kikao kwa kusema picha itatundikwa, ila mwanamume ashike nyengo, wasije watu wa vijiji vingine wakafikiri hapa hawajui kulima.

Njiani Benadetha alimshauri Sumaiya akubali. Bila ruhusa ya mwenyekiti hakuna turubai litakalopanda ukutani. Kesho yake Sumaiya alirudi kijijini, akamwomba Hildegardi amwonyeshe shamba, akapiga picha kwa simu: mteremko, nyasi zilizolazwa, sweta la Izidori lililotoboka kiwikoni.

Wiki iliyofuata alipeleka mchoro mpya nyumbani kwa mwenyekiti, pamoja na Benadetha. Walimwamkia, wakakaa. Mzee Leopold aliikagua picha kwa kidole, kutoka juu kushuka chini. Mistari ya nyasi ilikuwepo. Shati la harusi lilikuwa limeondoka, sweta limeingia.

"Nyengo naiona, imelala pembeni."

"Ndiyo, mzee. Ameshamaliza kufyeka."

"Na jembe bado liko mkononi."

"Bado liko, mzee."

"Wataniuliza."

"Nilitaka waulize, mzee."

Mzee Leopold aliguna. Akamwambia Benadetha aanze na ukuta wa ofisi, halafu vitongojini, na kwamba watakaokuja kulalamika atawapeleka kwake zahanati, yeye mwenyekiti ana kazi nyingine.

Nakala kumi na mbili zimekwisha kuchapwa, na zitatundikwa Jumatatu, tarehe 3 Machi. Mimba ya Hildegardi imeingia mwezi wa saba. Mama mkwe wake amemzuia kubeba jembe. Nyasi zilizolazwa shambani kwao zimekauka, tayari kufunikwa. Izidori ataanza kufukua Jumamosi, tarehe 8. Ndugu zake wawili wamesema watafika: mmoja ameahidi kuja na jembe, mwingine anakuja kutazama.